Mikono Iliyotoboa Dari

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu za dada yako, mwingi wa kukukumbuka. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, masikio yameacha kuwauma? Sisi huku wazima. Mama goti humsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anatembea kutuzidi sote, na ulimi ndio hauumwi kabisa.

Barua yako ilinifika, nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi ilinikaba koo. Umeniuliza tena swali lako la siku zote, kama Baba aliondoka na kinyongo nawe kwa kuwa ulikuwa mbali. Leo ninalo jibu, ila vumilia kwanza nikupe habari za maktaba.

Unajua mimi ndiye niliyesimamia ujenzi wake, na Kaka akapewa kazi ya kuchonga sanamu ya ukumbini. Watu walidhani ndugu wawili tutafurahi. Tulinuniana miezi minne. Mimi nilisema ukuta uliopigwa plasta ikatulia hauhitaji pambo. Yeye akasema jengo lisilo na sanamu ni sanduku la kuwekea watu. Hebu fikiria, sanduku.

Basi siku moja nikaenda karakana kwake kumwonyesha hasira zangu, nikaishia kuizunguka sanamu. Hakuchonga mwili mzima. Amechonga mikono miwili mirefu inayochomoza sakafuni na kupanda juu, viganja wazi. Ukisimama upande huu unaona inapokea, ukizunguka upande ule unaona inatoa. Viganja vyenyewe ni mbao za meza ya kazi ya Baba, na kidole gumba cha kushoto kimepinda vilevile kilivyopinda chake baada ya ile ajali ya nyundo. Nililia, wala sikuona haya.

Sasa sikia kituko. Dari la ukumbi lilishushwa baada ya michoro kutoka, kwa hiyo Kaka akanipigia simu kuuliza urefu mpya. Unatujua, sisi kwa sisi hatujawahi kusemezana kwa mita. Nilichukua ile fimbo ya kupimia ambayo Baba alitugawia kila mtu yake tulipokuwa wadogo, zote urefu mmoja, nikapima, nikamwambia ni fimbo tano kamili. Naye akachonga kwa fimbo yake, tano kasoro kidole kimoja.

Siku ya kuisimamisha, mikono ikagoma. Ilikuwa imezidi dari kwa shibiri moja na nusu. Kaka akasema nimepima nikiwa nimelala, nami nikamwambia amechonga akiwa hajaamka. Tukaleta fimbo zote mbili, tukazisimamisha pamoja sakafuni mbele ya mafundi. Yangu ilikuwa fupi kwa vidole vinne.

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote hiyo nimejenga kwa tepu kama watu wengine, na mara moja tu niliyojitia kukumbuka ya nyumbani, ndiyo hiyo.

Msanifu wa jengo, mama mmoja mpole wa miwani, alifika, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akatazama mikono, kisha dari. Akasema, “Ama mikono ipungue, ama dari litobolewe. Zungumzeni nyinyi ndugu, mimi nitachora mtakachokubaliana.”

Dari lile nililisimamia wiki tatu, ubao kwa ubao, huoni msumari hata mmoja. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kaka alishika msumeno, akaniuliza polepole, “Nivikate vidole?” Nikakitazama kile kidole gumba. Nikamwambia, “Lete huo msumeno hapa.” Nikapanda jukwaa nikalikata dari langu kwa mkono wangu, maana sikutaka mwingine aliguse.

Msanifu akaweka kioo kwenye paa juu ya tundu. Mchana mwanga unashuka moja kwa moja viganjani, kisha unatambaa ukutani kwangu, na plasta inaonekana kama sikuwahi kuiona. Wasomaji wanavuta viti kusogea pale. Kaka amekubali ukuta wangu unasema, nami nimekubali sanamu yake inasikiliza. Nina furaha, mdogo wangu, nakuambia waziwazi.

Jioni ya siku niliyolikata dari nikaichunguza fimbo yangu. Ncha moja ilikatwa kwa msumeno, upogo, kazi ya mtoto. Lakini juu ya mkato mtu alipaka vanishi, safi, ili nisigundue. Nani nyumbani kwetu alikuwa na mkono wa kupaka vanishi namna hiyo? Nikafungua sanduku la zana la Baba. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nikakuta pia ya kuchezea, ile ya kuzungusha kwa kamba, ya mti uleule wa fimbo yangu, urefu vidole vinne, na msumari wake. Ni ile uliyolia kwamba imetumbukia mtaroni.

Kumbe Baba alijua tangu siku ile. Alikufichia kosa lako, akatunza mchezo wako hadi mwisho, wala hakumwambia mtu. Hilo ndilo jibu lako.

Mama anakusalimu, na anauliza kama unakula. Kaka na mkewe wanakusalimu, na shemeji yako pia, pamoja na wapwa zako wanaotaka kumwona mjomba aliyetoboa dari. Mungu akulinde na watu wa nyumba yako, aifupishe njia baina yetu.

Pia yako ya kuchezea nimeifunga humu. Wachezeshe mapacha, halafu usiirudishe kwa posta. Ilete mwenyewe, usimame chini ya mikono ile.

Wako akupendaye na asiyekudai neno,

Dada yako, mwenye fimbo fupi.