Paa la Gari la Talal

Pongwe, Tanga
Jumapili

Mdogo wangu Saleha,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na goti limepunguza maumivu. Huku hatujambo. Wifi yako Hafsa anakusalimu na anauliza zile nazi ulizomwahidi zimekwama wapi.

Ulinipigia simu ukitaka nimshauri mwanao Uweso, aliyerudi kwako Pangani akisema hashiki tena randa. Kwenye simu ningekuficha jambo, ndiyo maana naandika.

Talal ana gari la kulala, lenye kitanda na jiko ndani. Paa lake lilioza. Kwa miaka thelathini mimi ndiye niliyeitengenezea familia yao milango na makabati, lakini safari hii alimwita Uweso. Rama, muuza misumari, alinitania kuwa mwanafunzi wangu ameniweka benchi. Nilicheka, na chai yangu ikapoa bila kunywewa.

Kabla ya kuanza, Uweso aliniletea vipande vitatu, kimoja kutoka kila karatasi ya plaiwudi. Fundi huchemsha kipande apime gundi: tabaka zikiachana, plaiwudi hiyo ni ya ndani ya nyumba, haifai mvuani. Tangu alipokuwa akijifunza kwangu, kipimo hicho nilikifanya mimi, naye kwa adabu hakutaka kunitangulia. Nilimwambia zote ni nzima.

Kazi yake nilikwenda kuiona. Paa lilikuwa refu kuliko karatasi moja, kwa hiyo ilibidi kuunga. Ukikutanisha miisho tu, gari likitikisika kiungo hufunguka. Yeye aliichonga miisho mshazari, mteremko wa mara nane ya unene wa plaiwudi, akailaza mmoja juu ya mwingine kwa gundi, na kila kiungo akakikalisha juu ya boriti. Nilitafuta kosa nisilione. Talal akasema hajapata kuona mkono safi kama ule. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, Saleha, na makabati yangu yamo nyumbani kwake.

Uweso akaniomba nipitishe mkono juu ya viungo kabla hajafunika, kama ilivyo desturi yetu. Nilipitisha, nikamwambia afunike.

Talal akapanda na gari hilo milima ya Amani. Mvua ya siku tatu ikavimbisha paa, maji yakaingia kitandani. Aliporudi alimwita mwanao fundi wa kubahatisha mbele ya watu. Uweso hakunitaja. Aliinamisha kichwa, akakusanya zana zake.

Saleha, kipande cha tatu kilifunguka sufuriani mbele ya macho yangu. Nilikitupa jikoni kiungue, kisha nikaenda kumwambia mwanao ni kizima. Sikusahau wala sikukosea. Nilimwonea wivu mtoto niliyemfundisha kushika msumeno.

Jana nilikwenda kwa Talal nikamweleza yote. Aliniuliza kwa nini mzee kama mimi nifanye vile. Nikamjibu: kwa sababu hukuniita mimi. Akasema alifikiri nimechoka, alitaka kunipumzisha. Ameahidi kuja Pangani kumwomba Uweso radhi.

Msomee mwanao barua hii, usiruke neno. Nitakuja mwenyewe Ijumaa baada ya swala. Akikataa kuniamkia, usimlazimishe.

Nisalimie Hasina na majirani wengine wote. Mungu akuzidishie afya.

Kaka yako,
Mudathir