Kaka, Nilikuweka Mbele Yangu

Kaka yangu Rutashobya, waitu,

Mimi mzima, mguu umepona ila asubuhi unaniuma kwa baridi. Wewe hujambo? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Migomba ilistahimili kiangazi? Swali la migomba lisikuudhi, nauliza kwa hamu tu.

Vita vimekwisha, tunangoja meli. Bado nimo katika hospitali ya jeshi huku India, chini ya milima ya Himalaya, ambayo vilele vyake ni vyeupe mwaka mzima. Chakula ni wali na dengu, kesho tena wali na dengu. Ndizi za Muleba nazitamani hata naota harufu ya jani lililofunika chungu.

Jirani na hospitali kuna fundi wa picha, Mtibeti mwenye kikohozi na maneno makali, anayechora juu ya kitambaa. Nilizoea kuota jua mlangoni pake. Picha aliyokuwa akiimalizia ni ya mtakatifu wa dini yao, ametulia, amekaa juu ya ua la majini, mkono mmoja umegusa ardhi. Nikamwambia kwa Kihindi chetu cha kambini kwamba sisi Walutheri hatusujudii picha. Akanicheka.

"Nani kakwambia usujudu? Kaa, tazama, ushukuru. Au kwenu kushukuru ni dhambi?"

Basi nikakaa. Akaniongoza polepole huku brashi yake ikiendelea: vuta pumzi, gusa ardhi kama yule, baba yako muweke kulia, mama kushoto, uwashukuru kwa jambo moja moja. Tata alikuja upesi upande wa kulia, na kicheko chake, kana kwamba hatukumzika. Mama alikuja ameinama, anatandaza nyasi mpya ndani ya nyumba. Nililia, kaka, mtu mzima na sare yangu, na fundi hakugeuka.

Kisha akasema, "Sasa mbele yako, karibu kuliko wazazi, muweke adui yako."

Ukaja wewe.

Sababu unaijua. Baada ya msiba wa Tata uling'oa miramura, ile mimea ya mpaka wa sehemu yangu, ukaniambia mbele ya wajomba kwamba sina changu katika kibanja kile cha migomba alichotuachia. Nikaingia jeshini kwa hasira, nikaapa sirudi. Nikamwambia fundi, "Huyu hakunipa kitu. Alininyang'anya."

Akakohoa, akasema, "Sikukuuliza alichochukua."

Nilirudi kukaa pale mara nyingi, nikikutazama bila kupata la kushukuru. Nilikaribia kuacha. Ndipo asubuhi moja nikakuona ulivyokuwa kijana, umetoka shule ya misheni, umeshika mwiba, unaandika herufi juu ya jani la mgomba, nami mdogo nazifuata kwa kidole mpaka zigeuke nyeusi kwa utomvu. Tata hakuwa na uwezo wa kutusomesha wote wawili. Ulichofundishwa asubuhi ulinipa jioni, hata siku ulizochoka, hata nilipokuchokoza. Nikakushukuru kwa sauti, kwa Kihaya, na fundi hakuuliza maana.

Sisemi kwamba kibanja si changu. Sehemu yangu ni yangu, na hasira haijaisha yote. Lakini tangu siku ile nimekukumbuka, kaka. Nakukumbuka sana.

Juzi afande alituuliza kila mmoja anataka kufikishwa wapi. Wenzangu wengi walisema Nairobi, eti kazi zipo. Mimi nilisema Bukoba, halafu nikaogopa.

Nisalimie dada yetu aliyeolewa Rubya na watoto wake. Nisalimie shangazi wa Kagondo, mwambie sijasahau kusali. Shemeji yangu, mkeo, mpe salamu za pekee kwa kumtunza Mama.

Mkubwa wa bandari atawajulisha siku ya meli ya ziwani itakayotuleta askari. Itakapokaribia Bukoba nitasimama upande unaoelekea gati. Nikikuona, nitashuka. Nisipokuona, nitaendelea nayo mpaka Mwanza, na sitakulaumu. Ila nakuomba jambo moja: usimtume Mama peke yake. Nikimwona yeye nitashuka tu, hata kama wewe hunitaki.

Ndimi mdogo wako,
Kamugisha