Hatua Tisa hadi kwa Bibi

Tabora, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Mwaya, kwetu kando ya ziwa.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Huku mvua haijanyesha. Nimeamka nikiitamani harufu ya mpunga mbichi, nikakuona ukipita kati ya migomba, miguu mitupu, ukihesabu hatua. Mafuriko yalishabeba misalaba yote ya makaburi yetu. Waliolala pale ulibaki kuwajua wewe tu. Hata ndugu zetu wa Malawi walivuka kuja kukuuliza babu zao wako wapi. Waliogombea mipaka ya mashamba waliacha ubishi ulipoanza kutembea.

Siku moja ulinitanguliza, nikakosea.

"Simama! Umemkanyaga babu yako kifuani. Msalimie."

"Mugonile, tata," nikamsalimia kwa lugha yetu.

"Amekusamehe. Haya, hatua saba hadi kwa bibi. Za kwako fupi, piga tisa."

Mwisho wa safu ulinionyesha ardhi tupu. "Mimi hapa. Wewe hapo, upande wa ziwa. Usichelewe, nitakosa wa kuzungumza naye."

Kisha mto ukachukua shamba langu, nikaja huku kufanya kazi ya reli, msimu mmoja tu, nilisema. Ulipozikwa sikuwepo.

Juzi mjukuu wako Tusajigwe alipiga simu. Anataka kupanda kakao.

"Babu, hapa hakuna anayejua wamelala wapi. Naliogopa jembe langu."

Nikafumba macho, nikamwongoza kuanzia lile jiwe la kusagia lililozama nusu, ulipoanzia kuhesabu wewe. Alihesabu kwa sauti, akichomeka vijiti. Kwa babu alisalimia bila kuambiwa. Alipofika kwako nikamwambia achomeke kijiti cha mwisho.

"Na hapa pembeni, upande wa ziwa, yuko nani?"

Baba Mkubwa, nilitaka kusema ni pangu. Lakini magoti yangu hayaiwezi tena safari ile, na mke wangu amelala huku, nyuma ya kanisa. Nilimwahidi kuwa sitamwacha peke yake ugenini.

"Hapo hapana mtu," nikamwambia. "Panda."

Basi jirani yako atakuwa mkakao. Mvumilie, hauna maneno. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunitunzia nafasi miaka yote hii.

Sitarudi.

Mwanao,
mtoto wa mdogo wako