Jiko la Pili Kwenye Gemu Yetu

Kotile, Garissa.

Baba Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, wewe na mwanangu na mama. Kifua cha mama kimetulia? Mwanaidi bado anakataa uji usio na sukari? Mimi huku ni mzima wa mwili. Wa roho, utasoma mwenyewe.

Usishangae kuona barua na simu tunazo. Kwenye simu ukicheka nami nacheka, na hasira yote inaniishia bure. Safari hii sitaki kucheka. Nimempa dereva wa lori la mbuzi anayeshuka Mombasa, mtu mzima na mcha Mungu, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine.

Habari za huku ni jua na vumbi. Tangu mvua ikatike tunachanja mbuzi, boma hadi boma mpaka kule Sangailu, na nanuka mbuzi hata nikitoka kuoga. Wenyewe wananiita daktari, ingawa nawaambia mimi ni afisa wa mifugo tu. Juzi ngamia alinitemea uso mzima, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ningekuhadithia vizuri, lakini leo sina moyo huo.

Nina neno moja tu, Bakari. Lile jiko la pili ni la nani?

Unajua ninalosema. Ile gemu ya simu, ya kujenga kambi na kuzuia maadui, tuliianza nilipohamishiwa huku, tupate pa kukutana. Maadui tuliwaacha zamani, tukabaki kujenga. Ni wewe uliyesema, "Mama Mwanaidi, tupange humu nyumba yetu ya kweli. Kila mraba uwe hatua moja ya kile kiwanja cha nyuma ya kwa mama, ili siku ya kuchimba msingi nisibabaike." Nilifurahi kama mtoto. Wewe ni mwashi, lakini kwenye gemu, lo, mkono wako! Kitanda ulikiweka kikatoboa ukuta. Mlango uliuelekeza kwenye kabati. Kila ukitoka mimi naingia nyuma yako, navuta kitu kimoja kimoja, nageuza, nasogeza nusu mraba, mpaka ile rangi nyekundu ya kitu kilichokaa vibaya iondoke na ukuta ushikane na mwenzake. Paa lilikataa kukaa wiki nzima kwa ajili ya pembe moja uliyoipinda. Sikulalamika. Kukunyooshea ndiyo ilikuwa raha yangu.

Basi Jumanne mchana nilikuwa dukani kwa Habiba, anayeuza dawa za mifugo, maana kwake ndiko mtandao unakoshika. Nikafungua gemu. Nyuma ya chumba chetu nikakuta jengo jipya. Chumba na jiko, vimeegemea ukuta wetu, mlango umetazama kwingine, upande wa barabara. Nikajiambia ni stoo. Nikaingia. Stoo ina kitanda? Stoo ina kioo cha kujitazamia?

Na kilichonichoma hasa si kitanda. Ni kwamba kila kitu kimenyooka! Kitanda kiko katikati, sawasawa. Jiko limelingana na dirisha ili moshi utoke. Hata kioo kimesimama wima. Ebo, Bakari! Tangu tuanze, mimi hujawahi kuninyooshea hata kigoda. Huyu uliyejitahidi hivi kwa ajili yake ni nani?

Nikajaribu kulisogeza lile jengo, likakataa. Umelitia kufuli, jina lako juu yake. Vitu vyangu vyote viko wazi, unavigusa utakavyo, ila hicho chako mimi sikigusi.

Habiba, ambaye p kwake huwa b, akachungulia begani mwangu. "Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada huku, "hii nyumba ni ya bibi mbili."

"Ni gemu tu, Habiba."

"Gemu gani inabika mahali mbili? Kwetu kila bibi iko na nyumba yake na jiko yake. Hii najua." Akapanga chupa zake. Kisha akasema polepole, "Mimi ndio wa bili. Nilijengewa kwanza. Yule bibi mkubwa alisikia nyundo, jina langu alikuja kusikia baadaye. Mbaka leo hiyo ndio inamuuma, si mimi."

Nikakupigia palepale. Ukasema, "Ah, mke wangu, mapambo tu hayo," ukacheka, halafu ukaniuliza habari za ngamia. Bakari, wewe tangu lini ukaniuliza habari za ngamia?

Sipingani na dini. Baba yangu alikuwa na wake wawili, na mimi nimekua nikimwona mama yangu akinyamaza kila sufuria ya upande wa pili ilipogonga. Ndiyo maana kabla hujanioa nilikuomba jambo moja, na ukaapa. Sikukuomba usioe. Nilikuomba nisiwe wa mwisho kujua.

Naogopa. Nakwambia wazi, naogopa hata kufungua simu. Ninachomeka kwenye jua hili ili nyumba ile isimame, na huenda tofali ninalolitolea jasho linamsitiri mtu nisiyemjua hata kwa sura. Na bado nakupenda, mjinga mimi, na hilo ndilo linalonizidishia hasira.

Basi nimefanya hivi. Nimeling'oa jiko langu kwenye gemu, nikalitupa nje ya ukuta, mchangani. Limekaa upande na sitalinyoosha. Kama yale ni mapambo, fungua kufuli, futa lile jengo, na jiko langu ulirudishe ndani kwa mkono wako. Kama si mapambo, niandikie jina lake. Dereva atapita kwako kabla hajapanda tena huku, kwa hiyo usiniambie hukupata mtu wa kumpa jibu. Na usinipigie. Sitapokea.

Nibusie Mwanaidi, mwambie mama yake anamtafutia kanga ndogo ya maua. Shemeji Hamisi, ndugu yako, mwambie dawa ya minyoo ya mbuzi wake naituma. Mama yako msalimie kwa heshima zote, lakini barua hii usimsomee. Ila kama yeye analijua lile jiko, basi msomee yote.

Ni mimi mkeo, wa pekee au wa kwanza, wewe ndiye ujuaye,

Zuhura