Usinifanye Mfano

Kizingo, 15 Juni 2025

Bibi yangu mpenzi,
Assalamu aleikum na shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, ila nina siri, usimwambie mama. Tarehe 26 shule ikifungwa kwa likizo fupi, Aidarus, yule muuza viungo wa soko la Marikiti, atanichukua langoni. Amepata mtu wa kutuozesha kimya kimya. Najua nina miaka kumi na sita tu, lakini wewe uliolewa una kumi na mitano, ukaishi vyema na babu. Niombee dua.
Mjukuu wako, Mwanaesha

Kibokoni, 18 Juni

Mwanangu,
Wa aleikum salaam, marahaba. Kifua hakijambo. Mwanatumu, mpishi wa shuleni kwenu, ameniletea waraka wako, na tangu hapo chakula hakinipiti. Usinifanye mfano. Mamangu aliozwa ana kumi na mitatu, hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa nacheza barazani waliponiita ndani nipakwe hina. Wakaniambia ni heshima. Mwaka wa pili nilishikwa na uchungu siku tatu. Mtoto akafa, nami nusura nimfuate. Babu yako alikuwa mwema, lakini kila nikisikia viatu vyake ngazini moyo ulinipasuka. Mamako nilipomwacha amalize shule, majirani walisema namzeesha. Leo majirani hao hao wapeleka mabinti chuo kikuu, na sheria yataka kumi na minane. Haya sijamwambia mtu. Nijibu.
Bibi yako

Kibokoni, 23 Juni

Mwanaesha, u hali gani? Mwanatumu asema waraka wangu uliutia mfukoni bila kuusoma. Nimempigia mamako Maskati, nisamehe. Alilia tu. Nijibu, hata neno moja.
Bibi yako

Kizingo, 26 Juni

Bibi, shikamoo. Nimeusoma waraka wako leo asubuhi, sanduku likiwa tayari. Nilikwenda langoni nikamwambia Aidarus angoje nimalize shule. Akanibana mkono: "Umeshanipa neno lako. Wanitia aibu?" Sijapata kumwona na sura ile. Nilichomoka, nimejificha jikoni. Wenzangu wote wameondoka. Yeye bado yuko nje na rafiki yake, wana gari. Simu yako haipatikani, Mwanatumu anakuletea waraka huu mbio. Naogopa, Bibi.
Mjukuu wako

Langoni, alasiri hiyo hiyo

Mwanangu,
Askari wa lango ndiye akuleteaye karatasi hii. Nimefika kwa tuktuk, na mwalimu wa zamu yuko nami. Aidarus amenijia: "Bibi, si wewe mwenyewe uliolewa una kumi na mitano?" Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuja." Hajaondoka. Nami siondoki. Naogopa kama wewe. Toka, unishike mkono, usimtazame.
Bibi yako