Kuhusu Mkono wa Mama Yako

Mpumudde, Jinja

Mpendwa mpwa wangu Naliaka,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Bila mimi Uganda nzima ingetembea uchi, kuanzia maafande mpaka maharusi. Mashine zote za kufuma hapa kiwandani zikisikia kikohozi changu zinanyooka. Hamjambo huko Bungoma? Kifua cha bibi kimepoa? Sisi huku tunapumua. Barua hii nimempa dereva wa lori, maana za posta askari wanazisoma kabla yako.

Mashine hizi, mpwa wangu, zina akili. Kila uzi umetundikiwa kijichuma chembamba. Uzi ukikatika, kijichuma kinaanguka, na mashine yote inasimama yenyewe. Juzi moja ilisimama mbele ya afande aliyepewa kiwanda Wahindi walipofukuzwa.

"Nani amezima?"

"Imejizima, afande. Imejua uzi umekatika."

"Imejua? Na ruhusa imemwomba nani?"

Akaichapa fimbo. Watu wanasema nilimkemea. Mimi sikatai.

Jumapili nikaenda hospitali ya Mbale kumwona mama yako. Tangu alipopigwa kitako cha bunduki kichwani kwenye foleni ya chumvi pale Namatala, yuko vilevile, macho wazi. Nikamwita kwa jina lake la utotoni. Nikamfinya. Nikaimba hata ule wimbo wake wa kupalilia, nikaukosea makusudi, maana hajawahi kuniacha niukosee. Safari hii akaniacha niukosee.

Nikamwuliza sista wa zamu, "Ikiwa chuma kinajua uzi umekatika, huyu mwenye damu anashindwaje kujua kaka yake amekuja?"

"Mzee, chuma hakijui kitu. Kinaanguka tu. Na huyu anapumua tu."

"Na mimi je?"

"Wewe unaongea tu."

Wodi nzima ikacheka, isipokuwa mama yako. Nikamwinamia, nikamtazama machoni. Nilijiona mimi mwenyewe mle ndani, mdogo, basi.

Umeniandikia kwamba umeahirisha harusi tena mpaka mama aamke, kwa kuwa nilikuambia alinibana mkono. Olewa, mwanangu. Usimngoje.

Nisalimie bibi yako, na huyo mwalimu mchumba wako. Baba yako mwambie asivuke mpaka kuja huku, wanaume wanachukuliwa.

Siku ile ya mkono, askari watatu waliingia wodini wakitafuta mtu. Nilikaa kitandani kwa mama yako, nikaufumbata mkono wake mpaka walipotoka. Aliyebana ni mimi.

Mjomba wako,
Wafula