Kamera Mbili na Jicho Langu la Kulia

Mpendwa baba yangu, Taata,

Nakuandikia nikiwa na hofu, na nimekuchagua wewe kwa sababu katika familia yetu wewe peke yako ungeielewa hofu hii bila kuelezwa. Ni miaka sita sasa tangu tukuzike kibanjani, katikati ya migomba yetu ya Izigo. Mama hajambo, ingawa magoti yanamsumbua wakati wa mvua. Muganyizi ameoa, na anaendesha lori la ndizi kwenda Mwanza mara mbili kwa wiki. Mimi bado napiga picha mjini Bukoba. Ninachotaka kukuambia kilianza na kamera yako.

Unaikumbuka, ile DSLR nyeusi, kamera ya dijitali uliyoinunua mkononi kwa mpiga picha wa Mwanza ulipoachana na kamera za filamu. Ulirudi nayo umeizungushia sweta lako, ukamkataza Muganyizi hata kuisogelea. Mimi ulinipeleka nyuma ya nyumba, ukanivalisha mkanda wake shingoni, nikainama kwa uzito.

"Ndani kuna kioo," uliniambia. "Kioo hicho ndicho kinachokuletea picha jichoni. Unachokiona humu ni kile kilicho mbele yako kabisa, hakuna aliyekichora. Sasa fumba jicho la kushoto. Unamwona nani?"

"Namwona Mama."

"Na pembeni?"

Kila mara ulikuwa unauliza pembeni. Ulisema katikati kila mtu anapaona, kazi ya mpiga picha ni kujua nani amekatwa mkono na nani amebaki nje. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilidhani unanifundisha ufundi tu.

Halafu ikaja ile Jumapili ya kipaimara kule Ijumbi. Watoto walikuwa wamepangwa mbele ya kanisa, suruali nyeusi, magauni meupe, na wewe ulikuwa unarudi nyuma ili uwapate wote. Uligonga benchi. Watoto wakacheka, ukacheka nao. Ukaligonga tena lile lile. Safari ya pili hukucheka.

Baadaye tukaenda harusi ya Ngenge. Picha zilipotoka, mama wa bibi harusi hakuwemo kwenye picha kubwa ya familia. Upande wa kushoto palikuwa na kiwiko chake tu na kipande cha kitenge. Alikuja hadi studio kwako Muleba, akaiweka picha juu ya meza.

"Mwalimu wa picha, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulisogea, mama," ulimjibu.

"Sikusogea. Nilisimama pale pale uliponisimamisha."

Mlibishana mpaka majirani wakatoka nje kuangalia. Sijawahi kukuona ukimpandishia sauti mwanamke wa umri ule. Alipoondoka uliniambia lenzi imeanza kuharibika, ukaituma Mwanza ikasafishwe. Ikarudi na ujumbe kwamba ni nzima. Ukaituma tena. Mwezi uliofuata, tukiwa mlangoni kwa watu na wageni wameshakaa, ulinipa kamera.

"Leo piga wewe, Koku. Mkono umechoka."

Nikaamini kwamba ni mkono. Miaka miwili, Taata, uliamua kuchoka mkono. Chai ukawa unamimina pembeni ya kikombe, Mama anafuta meza. Tulipokufikisha kwa daktari wa macho ulikuwa unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Alisema pia kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye damu.

Uliniita barazani siku hiyo hiyo. "Wewe na mdogo wako mkapimwe," ulisema. "Msingoje."

"Ndiyo, Taata."

Sikwenda. Mwanzoni nilijiambia sina muda. Ulipofariki nikajiambia nitakwenda msiba ukiisha. Baada ya hapo sikujiambia chochote. Nikipita karibu na kliniki ya macho nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba nina haraka. Niliogopa wangeniambia, na nikaona nisipoambiwa nitakuwa salama siku moja zaidi. Na Muganyizi sikumsisitiza, maana ningemsisitizaje mimi ambaye sijakwenda?

Mwaka jana nilinunua kamera mpya, hizi zisizo na kioo ndani. Ungeishangaa. Unaibeba kwa mkono mmoja siku nzima na bega haliumi. Ukichungulia unatazama televisheni ndogo, na picha unaiona ilivyo kabla hujaipiga, hata kanisani kwenye giza. Haina ule mlio. Yako ikifyatuka, hata mchungaji hugeuka. Hii mpya watu wanavishana pete na hawajui kama umeshawapiga picha ishirini. Halafu inatafuta jicho la mtu yenyewe, inaliwekea kijisanduku cha kijani, mtu akitembea kinatembea naye. Zamani nilikuwa nachagua mwenyewe pa kulenga, na nikikosea picha inatoka na ukungu. Kwa hii mpya sikosei. Ubaya wake ni kula betri. Yako ikichajiwa Ijumaa inamaliza harusi na ibada ya Jumapili. Hii natembea na betri nne mfukoni kama muuza karanga.

Kwa hiyo nikaamua kuiuza yako. Nisamehe. Mwalimu mmoja wa Muleba aliihitaji kwa picha za shule, na nilitaka nimweleze ukweli wake wote, mema na mabovu. Jumamosi moja nikazichukua zote mbili hadi Izigo, nizijaribu mahali pamoja, kwa mwanga mmoja.

Ilikuwa asubuhi, jua zuri. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua kahawa iliyoanikwa. Muganyizi alikuwa nyumbani, lori lipo gereji. Nikamwomba asimame hatua chache kutoka kwa Mama, upande wangu wa kushoto, karibu na mibuni. Nikaanza na yako. Nikafumba jicho la kushoto kama ulivyonifundisha, nikachungulia kwa la kulia.

Mama nilimwona vizuri, mpaka mikunjo ya vidole. Nyuma yake ukuta wa nyumba. Kushoto kulikuwa na majani ya migomba.

"Muga, umekwenda wapi tena?"

"Nipo hapa, dada."

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye mbuni. Nikainamia kamera, hayupo. Taata, natamani uelewe kitu hiki, lakini najua unakielewa. Hapakuwa na shimo wala weusi. Palikuwa na majani ya migomba, mabichi, yametulia, mahali ambapo ndugu yangu alikuwa amesimama.

Nikasema moyoni kioo cha ndani kimeharibika. Kamera ni ya zamani, imekula vumbi la Ngenge, lazima kitakuwa kioo. Nikafyatua hivyo hivyo, nikachukua mpya. Hii haina kioo cha kuharibika. Nikachungulia. Mama yupo. Ukuta upo. Majani ya migomba yapo. Nikabonyeza, nikageuza kamera niangalie picha kwa macho yote mawili.

Muganyizi alikuwemo, anatabasamu, na kijisanduku cha kijani kimekaa juu ya jicho lake. Kamera ilikuwa imemwona, ikamchagua yeye. Mimi sikumwona. Nikafungua picha ya kamera yako. Alikuwemo vilevile.

Nilibadilisha jicho. Kwa la kushoto, kwenye kamera yako, wote wawili wapo. Kwenye mpya, wote wawili wapo. Nikarudi la kulia, akapotea. Sijui nilirudia mara ngapi.

"Koku," Mama aliniita, "unafanya nini?"

"Najaribu kamera, Mama."

Aliacha kuchambua. Alinitazama, kahawa mkononi.

"Hata baba yako alikuwa anajaribu kamera," akasema.

Kisha akanyanyuka taratibu, akaingia ndani.

Muganyizi hakuelewa. Aliniuliza kama picha imetoka vizuri, nikamwambia imetoka vizuri.

Ungefikiri kesho yake niliamkia hospitali. Nilikaa wiki tatu. Nilikubali harusi mbili na kuzipiga kwa kamera mpya, na picha zilikuwa safi, wenyewe wakafurahi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kamera yenyewe. Yako ingeniumbua, watu wangekatwa, angekuja mama mwingine na picha yake kuniuliza alikuwa wapi. Hii mpya ingenificha. Ingeendelea kuwatafuta watu kwa niaba yangu mpaka jicho liishe, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa navuka barabara nageuza shingo kama kuku. Nilikuwa nafumba jicho moja dukani, kanisani, nikihesabu watu wa kushoto. Na Jumanne na Ijumaa, siku za Muganyizi kupeleka ndizi Mwanza, sikuweza kula.

Maana yeye yuko barabarani, Taata. Lori limejaa, na watu wanatembea pembeni.

Mama ndiye aliyenipeleka. Alikuja mjini asubuhi bila kuniarifu, amevaa gauni la kanisani, akasimama mlangoni kwangu. "Mwana wange, vaa viatu," akasema. "Nilimsikiliza baba yako akisema mkono, mkono. Wewe sitakusikiliza."

Kliniki waliniweka kidevu kwenye mashine na kitufe mkononi. Niliambiwa nitazame nukta ya katikati, na nibonyeze kila nikiona taa ndogo. Nilibonyeza. Kilichonitisha ni kimya cha kati ya taa na taa. Mashine ilikuwa inaendelea kunguruma, nikajua kuna taa inawaka sasa hivi mahali fulani mbele yangu, na siioni.

Daktari, mwanamke mpole wa rika langu, alinionyesha karatasi. Jicho la kulia lina doa jeusi upande wa pua. La kushoto limeanza kidogo sana, ukingoni. Presha iko juu kwa yote mawili. Alisema nitaweka matone kila siku maisha yangu yote, na kwamba matone hayatarudisha kitu, yatazuia tu.

"Yatazuia kabisa?" nikauliza.

"Kwa wengi yanazuia. Tutakuwa tunakupima."

Halafu akauliza, "Una ndugu?"

"Mmoja."

"Anafanya kazi gani?"

Mama aliyekuwa ameketi nyuma yangu akajibu kabla yangu. Daktari aliweka kalamu chini.

Ilikuwa Ijumaa. Nilimpigia simu Muganyizi tukiwa bado uani hospitalini. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo inatembea, nikajua anaomba. Saa saba, saa nane, saa tisa. Nilimwona kwenye kila kona ya barabara ya Biharamulo. Niliona mtu mwenye baiskeli upande wake wa kushoto, na yeye anaona majani tu.

Saa kumi kasoro robo akapiga yeye.

"Dada, nilikuwa nashusha mzigo. Mbona simu nyingi hivyo? Mama mzima?"

Mama akachukua simu akamwambia yote kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, kisha akanirudishia.

"Lakini mimi naona vizuri," alisema.

"Hata mimi naona vizuri, Muga. Hicho ndicho kinachonitisha. Nilikuona hupo, na nikaona vizuri."

Nilisikia watu wa sokoni wakipiga kelele nyuma yake.

"Nani atalirudisha lori?" akauliza.

Utingo wake ana leseni. Alilirudisha yeye, Muganyizi akakaa kiti cha abiria. Jumatatu tulikuwa kliniki. Alipoingia kwenye chumba cha mashine nilibaki nje na Mama, na sijawahi kuogopa namna ile kwa ajili yangu mwenyewe. Nilikuwa namsikia anabonyeza kile kitufe. Nikawa nasikiliza kimya cha katikati, nikijaribu kukipima.

Daktari alitoka naye. Presha ya macho yake iko juu, lakini mishipa haijaguswa. Hakuna doa popote. Ataanza matone siku hiyo hiyo.

"Umewahi," alimwambia.

Taata, neno hilo nililifurahia kwa moyo wote, na pia lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa lake peke yake. Ningeweza kuambiwa hivyo nami. Ulinipa nafasi hiyo barazani, nikakujibu ndiyo. Wewe sikulaumu tena kwa habari ya mkono. Nilikuwa na hasira nawe kwa miaka, kwamba ulitudanganya. Sasa najua mtu anaweza kujidanganya yeye kwanza, na wengine wakafuata nyuma tu.

Kamera yako sikuiuza. Mwalimu nilimwambia ukweli: kamera ni nzima, mwenye kasoro ni mimi. Harusi nazipiga kwa mpya, na nimemwambia kila ninayefanya naye kazi kwamba upande wangu wa kushoto unahitaji mtu wa kunikumbusha. Bado naogopa. Kila nikiinua uso kuweka matone naogopa. Baada ya miezi mitatu nitarudi kwenye ile mashine, na sijui doa litakuwa limekaa pale pale au limetembea.

Siku ile tulipotoka kliniki, Muganyizi alikuwa amewekewa dawa ya kupanua macho, jua linamuumiza, haoni mbele. Mama alikuwa ametangulia kununua ndizi mbivu. Tukafika barabarani. Mdogo wangu, mtu mzima mwenye mke na lori, akanishika mkono kama mtoto, akafumba macho. Nilisimama pale ukingoni muda mrefu. Nikageuza shingo kulia. Nikageuza kushoto, mpaka mwisho, mpaka ikauma. Nikarudia kushoto. Ndipo nikamvusha.

Pumzika kwa amani, Taata, na pokea salamu za sisi sote watatu.

Mimi binti yako wa kwanza,
Koku